“Si mchomelee tu?” Kwa nini suporti za masanduku zinatuchukua siku mbili

Swali hilo tunaulizwa kila wiki. Mtu anaingia garajini na moto yake kubwa ya safari, anateremsha masanduku mawili ya alumini aliyoagiza Afrika Kusini, anayapanga chini na kusema: “Patron, tafuta tibu, chomelea huku na huku, kesho alfajiri naenda Kolwezi.” Kwa hesabu yake ni kazi ya saa mbili. Tukimwambia aiache moto siku mbili, anatutazama kana kwamba tunataka kuipangisha.

(Kwa wasomaji wa mbali: hapa Lubumbashi pikipiki ni moto, na hakuna anayeichanganya na ile ya mekoni. Tibu ni bomba la chuma, na suporti ni vyuma vinavyobeba masanduku ubavuni mwa moto.)

Basi tumeamua kulijibu hapa kwa kirefu, ili mteja akifika tuongee habari ya moto yake, si habari ya bageti, vile vijiti vya kuchomelea.

Mwaka juzi tuliletewa moto ya silinda mbili juu ya kamioneti, imetoka njia ya Kasenga. Sanduku la kulia lilikuwa limelala juu ya gurudumu. Suporti zilikuwa zimechomelewa moja kwa moja kwenye mkia wa chasi, yaani zile tibu zinazobeba kiti, na fundi mmoja ambaye, tuseme ukweli, mkono wake ni mzuri. Mshono wake ulikuwa mzima kabisa. Kilichokatika ni tibu ya chasi yenyewe, kama sentimita moja kando ya mshono, imekatika duara safi kama muwa uliopigwa panga. Mwenye moto alishikilia kwamba sudere, yaani fundi wa kuchomelea, hakuweka chuma cha kutosha. Kumbe hapakukosekana chuma. Palizidi joto.

Tibu ya mkia wa chasi ni nyembamba, imetengenezwa hivyo kwa makusudi ili moto isiwe nzito nyuma. Ukiipiga arki ya kuchomelea, kile kipande kilicho kando ya mshono kinapata joto kali kisha kinapoa kwa haraka, na chuma chake hakibaki kile kilichotoka kiwandani. Kwa macho huoni kitu, hasa rangi ikishapita juu. Halafu unaingia kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati la paa, kilomita baada ya kilomita, na mtikisiko unatafuta pahali dhaifu. Utapapata tu.

Isitoshe, moto za siku hizi zina kompyuta inayoongoza sindano za petroli. Umeme wa mashine ya kuchomelea unapita kwenye chasi nzima, na mtu akisahau kuchomoa betri, kompyuta hiyo inaweza kufa hapohapo. Na kuna mikia isiyokubali bageti ya kawaida hata ukiibembeleza. Chukua Africa Twin: ile ya 2016, CRF1000L, mkia wake wa chuma umeungana na chasi moja kwa moja, lakini kwenye CRF1100L ya 2020 Honda wakaweka mkia wa alumini unaofungwa kwa bolti. Jina ni lilelile, lakini mkia wa kwanza ukipinda umepinda moto nzima, na wa pili ukiuchomelea ovyo umenunua mwingine. Ndiyo maana siku ya kwanza hatukati chuma hata kimoja. Tunavua kiti, tunavua plastiki za pembeni, tunatazama.

Tunachotafuta ni matundu ambayo kiwanda kimeyaacha. Kila upande tunataka pointi tatu: moja juu mbele, karibu na mshikio wa abiria, moja juu nyuma, kwenye mkia, na ya tatu chini, pale panapofungwa kanyagio la abiria. Hiyo ya chini ndiyo watu wanaipuuza, nayo ndiyo inayozuia sanduku lisichezecheze mbele na nyuma unapofunga breki. Pointi mbili tu za juu zinakupa bembea.

Lakini chuma ambacho tungependa mteja akijue kuliko vyote ni kile cha nyuma kinachovuka kutoka suporti ya kushoto hadi ya kulia, kinapita chini ya namba ya moto. Hakipendezi. Kwenye kifurushi kilichoagizwa mara nyingi kinakuja kama kibati chembamba, na wengine wanakitupa kwa sababu kinaziba nafasi ya kuosha. Bila hicho, kila suporti inapigana peke yake: gurudumu likiingia shimoni, sanduku la kushoto linasukuma ndani, la kulia linasukuma ndani, na mkia wa chasi unabanwa katikati. Watazame wale wanaoingia mjini asubuhi na makala (makaa ya kupikia) kwenye baiskeli. Magunia yanampita mwenyewe kimo, naye anasukuma tu. Angalia zile fimbo zake: hakuna iliyosimama peke yake, kila moja imefungwa kwa nyingine kwa mipira ya tairi. Hajasomea uhandisi, lakini anajua fimbo pweke inavunjika. Sisi tunakitengeneza hicho chuma kwa tibu ileile ya suporti, milimita 18, na tunakifunga kwa bolti, ili siku ya kutoa gurudumu kitoke bila ugomvi.

Hapo ndipo tunachomelea. Ndiyo, mashine tunayo, wala haijapoa. Tunachomelea suporti yenyewe, juu ya meza, mbali na moto. Chini ya kila tibu tunaacha katundu ka kutoa maji, maana kuanzia Novemba mvua ikianza, tibu iliyozibwa kila upande lakini ina ufa mdogo inajaa maji na kuoza kutoka ndani.

Siku ya pili ni ya kufunga, na hapa uvumilivu una kazi kuliko nguvu. Bolti zote zinaingia kwanza kwa vidole. Zote. Tundu moja lisipokutana na lingine, hatuvuti suporti kwa nguvu wala hatuingizi bisibisi kuilazimisha. Tunaongeza washa, kile kiduara cha chuma cha chini ya bolti, au kibushi, kibomba kifupi cha kujaza nafasi, mpaka likutane lenyewe. Suporti iliyofungwa huku imevutwa inaanza safari ikiwa tayari imechoka, na mara nyingi bolti yake ndiyo inayokatika ya kwanza. Zikishakaa zote ndipo tunakaza, kwa spana yenye kipimo: bolti ya milimita 8 iliyoandikwa 8.8 kichwani, yaani namba ya nguvu yake, tunaipa kama Newton-mita 25, ya milimita 6 kama 10. Bolti isiyo na namba kichwani haiingii kwenye kazi hii, hata ukitoka nayo soko la Kenya imefungwa kwenye nailoni ing’aayo. (Kenya ni komini yetu hapa mjini, si ile ya Nairobi.) Kwenye nyuzi za bolti tunatia tone la Loctite ya buluu, gundi ya kuizuia isilegee. Ile nyekundu tuachieni: siku ya kufungua itakudai joto, na joto karibu na plastiki za moto ni kilio.

Upande wa eshapema unatugharimu muda wetu. Moto nyingi zina bomba la moshi kulia, limepanda juu, kwa hiyo suporti ya kulia inalazimika kutoka nje zaidi ya ya kushoto. Wateja wanaliona hilo na kulalamika kwamba tumepima vibaya. Hatukupima vibaya. Ukitaka zilingane, ama unanunua sanduku la kulia lililokatwa pembe, ama unaisogeza ya kushoto nje na kubeba upana usio na faida. Tunachokataa ni sanduku kugusana na bomba, au mkoba wa kitambaa kukaa karibu nalo bila bati la kukinga joto. Na kwa jumla hatupendi masanduku yapite upana wa usukani. Foleni ya malori ya Kasumbalesa, kule mpakani, unaipita kwa kutazama usukani. Ukipita usukani halafu sanduku likabaki kwenye bampa la lori, hutakumbuka ulilipa kiasi gani.

Kisha tunamkalisha mwenye moto. Avae viatu vyake vya safari, ashushe miguu yote miwili, arudi nyuma kidogo kama anayetoka matopeni. Sanduku likimgusa nyuma ya mguu, tunalisogeza. Si habari ya raha: kwenye matope mguu unashuka, moto inaendelea mbele, na sanduku gumu linaupanda kutoka nyuma. Mfupa wa mguu haushindani na alumini. Lakini pia hatulisogezi nyuma mno, kwa sababu mzigo ukipita ekseli ya nyuma, usukani unakuwa mwepesi na moto inaanza kuogelea.

Kuhusu uzito tunasema wazi, na hapa ndipo tunapopoteza marafiki. Watengenezaji wengi wanaandika kilo 10 kwa kila sanduku. Sanduku tupu la alumini la lita 37 lenyewe linakaribia kilo 5. Lita 37 zinakwambia ujaze. Mkia wa chasi unakwambia uache. Vifaa vizito, kama spana, mnyororo na maji, viweke chini na upande wa mbele wa sanduku, na uikaze zaidi springi ya amortisere (shokomzoba) ya nyuma kabla ya kuondoka. Ukiiacha kama ulivyoizoea ukiwa peke yako, taa inamulika miti na gurudumu linapanda mpaka kwenye suporti.

Na anayekwenda Kundelungu kuona maporomoko ya Lofoi, au Kasenga wakati wa masika, tunamshauri aache masanduku nyumbani achukue mikoba laini. Tunapoteza pesa kwa ushauri huo, lakini moto inaanguka kule, na mkoba ukiangukiwa unakunjika tu. Sanduku linapinda mdomo na halifungi tena. Mikoba pia inahitaji suporti, nyepesi zaidi, ili isiingie kwenye gurudumu. Mwenye Yamaha AG 200 asituletee hata bolti: moto ile ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba, imetoka kiwandani na chuma cha mzigo mbele na nyuma, na stendi pande zote mbili. Afunge kamba aende zake.

Ukija, njoo na masanduku yamejazwa kama utakavyosafiri nayo, hata kama ndani kuna unga na sufuria. Tunapima na mzigo, si na hewa. Ukitoka, nenda Likasi ukarudi, ni kama kilomita 120 kwenda, kisha pita hapa kabla hujaosha moto. Bolti mpya zote zinalegea kidogo mara ya kwanza, na vumbi linatuonyesha ipi imecheza: pembeni yake panakuwa na duara safi. Kukaza huko hatulipishi.