Zamu za kliniki ya dripu kuanzia Jumatatu
Habari za jioni wenzangu. Kuanzia Jumatatu tutafungua saa moja asubuhi, si saa mbili. Wagonjwa wa Likoni wanakwama kwenye feri, na dawa ya kila saa 24 haingoji foleni. Aliyechelewa msimkaripie, mpeni dozi yake na muandike saa halisi kwenye kadi.

Sasa lililonileta hasa. Juzi nimekuta seftriaksoni, ile antibiotiki ya sindano, imeandaliwa pamoja na chupa ya maji ya dripu ya Ringer. Hapana jamani! Maji yale yana kalsiamu, yakikutana na dawa hii hufanya chembechembe. Tumieni maji ya chumvi ya 0.9%, na msafishe mpira wa dripu kabla na baada ya dawa. Vankomaisini, antibiotiki nyingine, nayo msiikimbize: gramu 1 ni dakika 60 au zaidi, hata kama mgonjwa anawahi matatu ya Kongowea. Ikienda mbio atawashwa shingo na kifua, nanyi mtadhani ni mzio.

Kanula, kile kijimpira kinachokaa kwenye mshipa, muiangalie kila siku. Ngozi zetu nyeusi hazionyeshi wekundu upesi, basi gusa: pakiwa na joto, ugumu au maumivu, toa, hamia mkono mwingine. Na kwa jasho la mji huu plasta hubanduka mwenyewe hana habari.

Dozi ya kwanza mgonjwa akae tumtazame. Adrenalini, dawa ya mzio mkali, iwe mezani, si kwenye kabati lililofungwa (ufunguo huwa ninao mimi, najua).

Jumamosi nani atashika? Mwenye harusi aseme leo.