Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Barafu ya Kibo na Maji Yetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakukaribisha kwa furaha kubwa leo, tarehe 21 Machi. Ni Siku ya Misitu Duniani na, tangu mwaka 2025, ni siku ya mito ya barafu pia, yaani barafu kubwa zinazokaa milimani na kusogea polepole. Sisi tunaosoma chini ya Kilimanjaro hatukuona sababu ya kuzitenganisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Asubuhi mawingu yakifunguka, Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, tunaiona tukiwa mstarini. Bibi zetu wanasema zamani weupe ule ulishuka chini zaidi, na vipimo vinawaunga mkono: mwaka 1912 barafu ilifunika kilometa za mraba zipatazo 12, na kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Lakini nyingi haikutiririka kuja kwetu. Kule juu, karibu mita 5,900, baridi ni kali na hewa ni kavu, hivyo barafu ikipigwa na jua hugeuka mvuke bila hata kuwa maji. Theluji mpya ya kufidia nayo imekuwa haba tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Tunalisema hili kwa makusudi, maana wengi kijijini, sisi tukiwemo hadi mwaka jana, tuliamini mfereji unakauka kwa sababu barafu imekwisha. Maji ya chemchemi zetu, na ya mito inayoingia Mto Pangani, kwa sehemu kubwa ni mvua inayonyesha msituni na ukungu unaonaswa na majani na kuvumwani, vimea vidogo vinavyoota kwenye magome ya miti. Mlima ulipoungua Oktoba 2020 tulikuwa shule ya msingi. Tuliutazama moto ule usiku bila kujua kwamba maji yetu pia yalikuwa hatarini.

Barafu nayo ina kazi yake. Theluji safi hurudisha angani zaidi ya robo tatu ya mwanga wa jua, ilhali bahari iliyo wazi humeza karibu wote. Ndiyo maana barafu inayoelea kwenye bahari ya Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, ikipungua, joto huongezeka na kuyeyusha iliyobaki. Chini ya barafu hiyo huota mwani, unaoliwa na vidudu vya baharini, navyo huliwa na samaki, samaki huliwa na sili, na sili huliwa na dubu mweupe. Barafu ya Greenland pekee ikiyeyuka yote, bahari itapanda takribani mita 7. Wenzetu wa Tanga na Unguja watahamia wapi?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Januari mfereji wetu ulikauka, na wasichana wa bweni walishuka korongoni na ndoo kabla ya kengele ya kwanza. Tulipanda miche kwenye chanzo, lakini mbuzi waliila zaidi ya nusu. Tunaomba utusaidie kupata miche ya mringaringa na mruka, waya wa kuzungushia chanzo, na kipima mvua ili tuandike wenyewe mvua ya kila siku. Tunaomba pia uzungumze na viongozi wa kijiji kuhusu mifugo inayoachiwa kwenye chanzo. Sisi ni watoto, tumeshasema, hatukusikilizwa.

Tunaomba kuwasilisha.