Kabla hujaweka nyumba rehani

Mwanangu,

Hapa nyumbani hatujambo. Simu ulikata kabla hujanijibu, ndiyo maana naandika. Mama Neema anajua kwamba hati ya nyumba inakwenda benki?

Lile neno la benki la rehani, mortgage, ulilitamka sawasawa, ile t ya katikati ukaimeza. Nilifurahi, maana wanafunzi wangu wengi waliing'ang'ania mpaka wakahitimu nayo. Ila umewahi kulipasua uone ndani mna nini? Ni Kifaransa cha kale: mort ni mfu, gage ni rehani. Mwanasheria Edward Coke aliandika mwaka 1628 kwamba mkopaji asipolipa, ardhi inakufa kwake. Akilipa, rehani inakufa kwa aliyemkopesha. Maelezo matamu, lakini mimi nashika zaidi kile kitabu cha sheria kinachoitwa Glanvill, cha miaka ya 1180. Humo rehani mfu ni ile ambayo mkopeshaji anakula mavuno ya shamba na deni linabaki vilevile. Rehani hai, mavuno yanapunguza deni.

Basi muulize huyo ofisa mikopo: mwaka wa kwanza, katika marejesho yako, riba itakula kiasi gani na deni litapungua kiasi gani? Akuandikie.

Duka la mabati unalotaka kulikopea sikulipinga. Kichwa cha biashara unacho kunishinda, na majirani wamechoka kunisikia nikilisema hilo. Tatizo lako ni haraka, na ukishaamua unakuwa bubu. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya wanandoa haijawekwa rehani. Ridhaa si kumpelekea karatasi jikoni asaini huku anageuza chapati. Kaeni, msome wote. Tena engage, la uchumba, limetoka kwenye gage hiyohiyo. Kwake ulijifunga kabla benki haijakujua jina. Anajua, au hajui?

Mama yako goti linamsumbua, lakini shamba haachi. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Pesa ya paa usitume mwezi huu, fundi nimemwambia asubiri. Lipa kwanza ada ya Neema.

Jumapili nitapiga simu baada ya ibada. Mpe mama Neema niongee naye.

Baba yako