Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mtoto akishapona kidonda

Ndugu wanachama, wazazi wa watoto waliozaliwa na kasoro za mwili wakafanyiwa upasuaji, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Niseme tu kwamba michango ilisuasua mpaka malipo ya korosho yalipoingia, ndipo wengi mkalipa kwa mkupuo. Ahsanteni. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye nauli za kwenda hospitali ya Muhimbili, nami naomba iendelee hivyo. Mzazi wa Nanyumbu mwenye mtoto wa mgongo wazi, yaani aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunga, hawezi kungoja kikao ndipo asafiri.

Ninalotaka tulizungumze kwa kirefu ni yanayofuata baada ya upasuaji. Tunao watoto waliozaliwa utumbo ukiwa nje, wasio na njia ya haja kubwa, wa mgongo wazi, na wa koo lililoziba. Walipasuliwa wakiwa wachanga, wakapona. Lakini kamati ilipowatembelea nyumbani, Mikindani hadi Newala, ilikuta jambo lilelile: mtoto anashikwa kama yai. Ana miezi kumi na hajawahi kulazwa kifudifudi, kwa kuwa bibi anahofia kovu litaachia.

Hofu hiyo naielewa, ila inamrudisha mtoto nyuma. Watoto wengi huketi bila kushikiliwa kati ya miezi 4 na 9. Wetu walianza maisha wodini, wamelazwa muda mrefu, mipira na dripu mwilini, wakinyonya kwa shida, kwa hiyo shingo na mgongo huweza kuchelewa kupata nguvu. Wengi huwafikia wenzao wakipewa nafasi. Daktari akisharuhusu, mlaze kifudifudi akiwa macho, dakika chache, mara kadhaa kwa siku, huku ukimsemesha. Hata msimu wa kuokota korosho, mkeka kivulini unatosha. Mwenye choo cha tumboni, yaani tundu alilotobolewa tumboni la kutolea haja kubwa, naye asinyimwe. Muulizeni muuguzi namna ya kumlaza.

Aliyelishwa kwa mpira wiki nyingi kwa sababu ya koo huenda akakataa chakula, maana mdomo haujazoea. Msimkabe. Mwacheni ashike uji, aupake usoni, ajaribu kidogo kidogo.

Masikio pia. Waliopumulia mashine, au waliopewa baadhi ya dawa kali za kuua bakteria, wanaweza kupungukiwa usikivu, na nyumbani tukadhani mtoto ni mkaidi. Ombeni kipimo mapema, kabla ya umri wa kusema kupita. Na kwa waliowekewa mpira wa kichwani, ule wa kupunguza maji yanayojaa kichwani: kutapika, utosi kutuna, kusinzia kupita kawaida, macho kuelemea chini, ni hospitali siku hiyohiyo. Tusianze kwa mganga.

Wazazi wengi huacha kliniki mtoto akishapata chanjo ya surua ya miezi 9. Kwa watoto wetu hapo ndipo pa kuendelea. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inamhusu kila mtoto hadi miaka 8. Kamati itakwenda kwa maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri zetu kuomba watoto hawa waandikishwe na wafuatiliwe.

Mkutano ujao kila mzazi aje na kadi ya kliniki, tuzipitie pamoja na muuguzi. Akina baba, nanyi mje. Mwaka huu walioketi vikaoni karibu wote walikuwa akina mama.