Kimbunga kimeisha nguvu, lakini maji je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako nizungumzie maneno mawili: "kimepoteza nguvu".

Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilitutangazia mapema kwamba kimbunga Hidaya kinakuja. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisitisha safari, na huku Kilwa wavuvi wakazivuta ngalawa hadi kwenye minazi. Wapo waliopuuza, maana 2021 waliambiwa Jobo kinakuja, kikafifia baharini.

Hidaya kilifika Mafia tarehe 4, kisha tukatangaziwa kimepoteza nguvu. Mtaani kwetu watu wakamshukuru Mungu, wengine wakafungasha mizigo ya safari. Kumbe siku hizohizo maji yalikuwa yameikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga. Nilimkuta pale mama mmoja na ndoo yake ya samaki wa kukaanga aliotaka kuwapeleka mjini. Amesimama kimya, anatazama lami ilipoishia na maji mekundu ya tope yanavyopita kwa kasi. Samaki wameanza kunuka.

Taarifa ya TMA ilikuwa sahihi, sisi hatukuielewa. Nguvu iliyopotea ni ya upepo. Kimbunga hulishwa na joto la bahari, nyuzi 26 au 27 hivi na kuendelea, kwa hiyo kikigusa nchi kavu mzunguko wake hulegea. Lakini mawingu yameshabeba maji ya bahari, na lazima yaanguke. Yalituangukia sisi, tena kwenye ardhi iliyokwisha kushiba mvua za El Niño.

Sishangai kwamba hatukuelewa. Vimbunga havifiki kwetu mara kwa mara, kwa sababu karibu na ikweta ile nguvu ya dunia kujizungusha, ambayo huupindisha upepo ukaanza kuzunguka, ni ndogo. Kile kilichopiga Lindi Aprili 1952 wengi wetu tunakijua kwa masimulizi ya wazee tu.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri: siku nyingine mkichapisha tahadhari, andikeni habari ya upepo kivyake na ya mvua kivyake. Na upepo ukiisha, tuambieni mvua inatarajiwa kuendelea hadi siku gani, na barabara ipi tusiiendee kwanza.

Msomaji wako,
Kilwa Masoko