Parokia ya kathedrali imekua, lakini kwa njia gani?

Bwana Mhariri,

Makala yenu juu ya kathedrali yetu ya Notre-Dame de la Paix hapa Bukavu nimeyasoma mara mbili. Mara ya pili niliyasoma kwa sauti, maana mama watoto alikuwa anachambua sombe na alitaka kusikia. Nilipofika pale mlipoandika kwamba "parokia imekua sana", kisha nukta, akaniuliza: "Imekua namna gani? Kama mahindi?" Mimi ni karani tu. Swali ni lake.

Mwanzo mmeueleza vizuri. Wamisionari wanaoitwa Mapadri Weupe walifika Nyangezi mwaka 1906, mji wetu ukaitwa Costermansville kwa miaka mingi, na tarehe 10 Novemba 1959 Bukavu ikawa jimbo kuu. Majina ya maaskofu nayo yamepangwa sawasawa. Lakini ukisoma hivyo utadhani watu walitokea wenyewe, siku moja wakajikuta wamejaa kanisani.

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo za waamini. Huku kwetu tunaziita mashirika, na neno hilo halimo hata mara moja katika makala yenu. Shirika ni nyumba za avenyu moja, labda na kipande cha avenyu ya pili. Tunakutana uani kwa mtu, tunasoma Injili, halafu tunaulizana nani mgonjwa, nani amefiwa, nani hajaonekana. Ukileta mtoto abatizwe, utaulizwa kwanza shirika lako ni lipi. Wapo wanaolalamika kwamba huo ni urasimu. Mimi pia nililalamika, nikiwa kijana.

Sasa angalia vita vilipoanza. Watu walishuka mjini kutoka Bunyakiri, Shabunda, Kaniola, na mzigo mmoja kichwani. Hawakuanzia ofisini kwa paroko. Walianzia uani, kwa jirani aliyewaambia: "Jumatano tunasali hapa, leta kiti kama unacho." Yule aliyekuja bila kiti ndiye leo anaongoza shirika letu. Hivyo ndivyo parokia ilivyokua, Bwana Mhariri.

Jambo la pili. Askofu Mkuu Munzihirwa mmempa mstari mmoja, "aliuawa mwaka 1996". Ilikuwa jioni ya tarehe 29 Oktoba, pale Nyawera, mahali ambapo wengi wetu tunapita kila siku tukigombania teksi. Alikuwa Mjesuiti, mtoto wa Walungu, na miezi yote ile alipaza sauti kwa ajili ya wakimbizi na kwa ajili ya wenyeji, bila kuwabagua. Mwili wake ulilala barabarani usiku ule. Ndiye aliyesema kuna mambo ambayo huonwa tu na macho yaliyolia.

Akaja kushika nafasi yake Monsinyori Kataliko kutoka Butembo. Kwa barua yake ya Noeli ya 1999, wenye silaha walimzuia asirudi Bukavu kuanzia Februari 2000. Miezi saba tulikuwa jimbo lenye mchungaji aliye mbali. Katika shirika letu jina lake lilitajwa kila tuliposali, wakati mwingine kwa sauti ya chini, kutegemea nani anapita barabarani. Alirudi tarehe 14 Septemba, na mji mzima ulitoka. Tarehe 4 Oktoba akafariki Roma. Hata mwezi mmoja haukutimia!

Wote wawili wamezikwa pale kathedrali. Jumapili iliyopita baada ya misa nilimwuliza kijana mmoja, kitambaa cha Xaveri, chama cha vijana Wakatoliki, shingoni, nani amelala pale. "Ni Monsinyori." Monsinyori yupi? Akacheka. Simlaumu. Hata chama chenyewe alichovalia kitambaa kilianzia hapa Bukavu mwaka 1952, kwa Padri Georges Defour, na hilo pia hakuna aliyemwambia.

Ombi langu ni moja. Mkiandika tena, msiishie kwenye kumbukumbu za askofu. Kila shirika lina daftari: waliokuja, waliohama, waliofariki, nani alitoa sabuni kwa mjane, nani aliahidi na hakutoa. Daftari la zamani la kwetu nililitunza mimi, chini ya kitanda, chini ya bati lililotoboka. Masika moja yakamaliza miaka sita ya majina. Wazee waliokuwa wanayakumbuka kwa kichwa wamebaki wawili, na mmoja hasikii vizuri.

Daftari la sasa nimelifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Mwandishi wenu akitaka kuliona, aje asubuhi, kabla mvua haijashuka, na asisahau kuvaa viatu vya matope.

Mkristo wa parokia ya kathedrali,
Ibanda, Bukavu