Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Ufaransa

Mheshimiwa Waziri,

Wizara yako ndiyo inayosimamia masuala ya dini, na mawaziri waliokutangulia hawakuchoka kuwakumbusha Waislamu sheria ya tarehe 9 Desemba 1905 iliyotenga dini na dola. Sina ugomvi na sheria hiyo. Ila wapo Waislamu walioililia wakanyimwa, na waliowanyima ni ninyi.

Nazungumzia Algeria, iliyokuwa koloni lenu. Julai 1830, Algiers iliposalimu amri kwa jeshi lenu, kamanda wake Jenerali de Bourmont alitia saini kwamba dini ya wenyeji haitaguswa. Septemba ileile ikatoka amri ya kutwaa mali za wakfu, ambazo ndizo zilizoendesha misikiti na madrasa na kuwasitiri maskini. Desemba 1832 Msikiti wa Ketchaoua ukanyakuliwa ukafanywa kanisa. Haukurudi kuwa msikiti hadi uhuru, mwaka 1962. Wakfu ukishakwenda, imamu atakula nini? Akawa mtu wa mshahara wa serikali, na amlipaye ndiye amteuaye, ndiye pia amnyamazishaye.

Sheria ya 1905 ingeukata mnyororo huo. Badala yake, amri ya 1907 iliifikisha Algeria kwa jina tu: Gavana Mkuu aliruhusiwa kuendelea kuwapa posho maimamu aliowakubali, kwa miaka 10, kisha muda ukawa unaongezwa. Mwaka 1931 mwanachuoni wa Algeria Abdelhamid Ben Badis na wenzake waliunda Jumuiya ya Maulamaa. Masheikh hawa, waliovaa vilemba na kufundisha tafsiri ya Qurani, wakadai dola iondoe mkono wake misikitini. Jibu likawa waraka wa Februari 1933 uliowafungia mimbari za misikiti rasmi. Sheria ya 1947 kuhusu Algeria ikaahidi tena utengano huo, na ahadi ikabaki kwenye karatasi.

Huku pwani ya Kenya Mwingereza naye alimlipa kadhi na kuunda tume ya wakfu. Lakini yeye, ambaye mfalme wake ndiye mkuu wa kanisa, hakujidai ametenga chochote.

Ombi langu: maofisa na maimamu mnaowapa mafunzo kuhusu sheria ya 1905 wasomeshwe pia amri ya 1907 na waraka wa 1933. Na majukwaa kama lile la Uislamu wa Ufaransa la 2022, la mazungumzo kati ya dola na Waislamu, ambalo wajumbe wake walipitia kwa wawakilishi wa dola mikoani, waachiwe waumini wayaunde wenyewe.

Wako,
Msomaji wa historia, Mombasa